Neno Lifike Benchi la Nyuma: Mpango wa Vipaza Sauti kwa Kanisa na Msikiti wa Nyumbani

Maelezo ya kamati ndogo ya ufundi mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wana wa nyumbani waishio Dar es Salaam

  Tunawaletea salamu kutoka Upareni, ambako mvua imenyesha, ndiva zina maji na watu wanawaulizia.

Mkutano wa mwaka jana ulitupa kazi moja. Kanisa la kule juu na msikiti wa pale sokoni yote mawili yaliomba msaada wa vipaza sauti. Mkasema kabla ya kutoa hata shilingi, kamati iende ikaone, ipime, irudi na mpango. Tumekwenda, tumepima, na tumerudi.

Kwanza tukubaliane maneno. Kwetu neno "kipaza sauti" limebeba vitu viwili, na hata dukani limewahi kuwachanganya watu. Leo tutasema "maiki" kwa kile kinachopokea sauti ya msemaji, na "spika" kwa kile kinachoitoa.

Pili, tujibu swali la wale wasiosali katika nyumba hizo mbili: kwa nini mfuko wetu sote uingie humo? Kwa sababu kijijini kwetu hakuna ukumbi mwingine. Siku ya mahafali ya shule mvua ikinyesha, tunaingia kanisani. Siku ya msiba, awe wa dini yoyote, tunasimama kanisani au msikitini na uwanjani pake. Msemaji wa ukoo husimama kabla ya mwili kutoka na kutangaza: anayemdai marehemu ajitokeze, na aliyekuwa akidaiwa na marehemu naye ajitokeze. Hutaja siku ya kikao cha ukoo. Hutaja nani atasimamia mali na watoto. Aliye mbele husikia, na aliye nyuma huuliza jirani, "Amesema nini?" Jirani naye hubahatisha.

Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili aendeshe kesi ya kuku. Tunacheka, lakini kesi nyingine za kuku huanzia hapo: tangazo lilitolewa hadharani, nusu ya watu hawakulisikia, na baada ya miaka miwili kila upande unaapa kwamba jambo lile lilisemwa au halikusemwa. Mama mzee anayekaa benchi la nyuma ana haki ya kusikia neno la Mungu, na ana haki vile vile ya kusikia kwamba shamba la ndugu yake limegawanywa.

Sasa tueleze tulichokiona. Ugonjwa wa kanisa letu si uchache wa sauti. Spika zilizopo, ingawa zimechakaa, ukizifungulia zinasikika hadi barabarani. Tulipokaa nyuma tulisikia sauti kubwa kabisa, ila maneno hatukuyashika. Sauti kubwa ni jambo moja, na maneno kueleweka ni jambo jingine. Mpango wetu wote umesimama juu ya tofauti hiyo.

Mtu anapozungumza, sauti yake husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Sehemu moja humfikia msikilizaji moja kwa moja. Nyingine hugonga ukuta, sakafu na bati, kisha humfikia ikiwa imechelewa. Ikichelewa kidogo tu, chini ya sehemu moja ya ishirini ya sekunde, sikio huiunganisha na ile ya kwanza, nayo husaidia. Ikichelewa zaidi ya hapo hulifunika neno linalofuata. Kanisa letu lina urefu wa mita 24. Neno likitoka mimbarani, likagonga ukuta wa nyuma na kurudi, limetembea mita 48, yaani limechelewa kwa takriban sehemu moja ya saba ya sekunde. Ndiyo maana wahubiri wageni husema wanasikia kama kuna mtu anawafuatisha.

Lugha yetu nayo inataka uangalifu. Kiswahili hubeba mambo mazito katika silabi moja. "Tulitoa", "tunatoa" na "tutatoa" ni maneno yanayotofautiana kwa silabi moja, na mhazini wetu anajua tofauti yake! "Wakija" na "wasipokuja" si habari moja. Irabu zetu, a, e, i, o, u, zina nguvu na hudumu hewani. Konsonanti kama s, f, t na k ni nyepesi na hupita haraka. Katika jumba linalovuma, irabu ya silabi iliyotangulia huikalia konsonanti ya silabi inayofuata. Aliye nyuma akasikia "a-a", asijue kama imesemwa taa, saa, kaa, paa au faa. Ukiongeza sauti, umeiongeza irabu inayofunika pamoja na konsonanti inayofunikwa, na hujamsaidia kitu.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani kilimwita mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine, kuhusu ukumbi wa mihadhara katika jumba jipya la Fogg Art Museum. Ukumbi ulikuwa mzuri kwa macho, lakini mihadhara haikueleweka, maana sauti ilidumu hewani kwa zaidi ya sekunde 5. Sabine alifanya kazi usiku, mji ukiwa umelala, akiwa na filimbi ya kinanda, saa, na mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine wa chuo. Kila alipoongeza mito, sauti iliisha mapema zaidi. Akapata kanuni ambayo wataalamu huitumia hadi leo: muda wa mvumo huongezeka kadiri jengo linavyokuwa kubwa, na hupungua kadiri vitu vinavyonyonya sauti vinavyoongezeka. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka nje ya dirisha hairudi.

Tumeitumia kanuni hiyo nyumbani. Kanisa lina urefu wa mita 24, upana wa mita 12 na kimo cha wastani cha mita 6. Hiyo ni hewa ya mita za ujazo 1,728. Kuta ni za plasta, sakafu ni ya saruji, juu ni bati tupu na mabenchi ni ya mbao. Vyote hivyo ni vigumu na huirudisha sauti. Kwa makadirio yetu, vinanyonya sawa na dirisha wazi la mita za mraba 70 tu. Ukizidisha ujazo kwa 0.161 na kugawa kwa 70, unapata mvumo wa karibu sekunde 4 kanisa likiwa tupu. Watu nao hunyonya sauti kwa nguo na miili yao, na mtu mmoja tumemhesabia kama dirisha lisilofika nusu mita ya mraba. Wakiwa 100, mvumo hushuka hadi sekunde 2.4. Wakiwa 300, ni sekunde 1.4 hivi. Kwa mazungumzo tunataka mvumo usipite sekunde moja na nusu.

Kwa hiyo siku ya Krismasi, kanisa likijaa, wana wa nyumbani waliotoka Dar es Salaam husema, "Mbona panasikika vizuri?" Wakarudi mjini. Jumapili ya kawaida, watu wakiwa mia moja, wengi wao wazee, ndipo shida inapokuwapo, na sisi hatupo kuiona. Mpango huu ni wa Jumapili ya kawaida na wa msiba wa Jumatano.

Msikiti una hali yake. Ni mdogo, dari yake iko chini, na zulia pamoja na safu za waumini hunyonya sauti vizuri. Mvumo si tatizo kubwa. Kuna mambo matatu. Imamu huelekea kibla wakati wa swala na kuwaelekea watu wakati wa hotuba ya Ijumaa, hivyo maiki moja ya kusimama haimfuati. Sehemu ya akina mama iko nyuma ya pazia na haina spika. Na amplifaya moja inalisha vipaza vya mnarani pamoja na spika za ndani, hata ukitaka akina mama wasikie vizuri, unalazimika kupandisha sauti ya soko zima.

Tuje kwenye hoja ya spika kubwa, maana tunajua iko mioyoni mwa wengi. Wapo wanaosema: "Tununueni spika mbili kubwa kama zile za harusini, jambo liishe." Tunaomba tuwaeleze kwa mfano wa ndiva. Wazee wetu waliochimba ndiva hawakutatua tatizo la shamba la mwisho kwa kufungulia maji mengi kwa mpigo. Mfereji ukiwa mbovu, maji mengi hubomoa kingo, yanazamisha shamba la kwanza, na la mwisho bado linakauka. Walitengeneza mfereji, wakagawa maji kwa zamu, yakafika. Sauti nayo ni hivyo hivyo.

Nje, pasipo kuta, kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka desibeli 6. Aliye mita 3 kutoka kwenye spika hupata sauti yenye nguvu mara 16 kuliko aliye mita 12. Ndani ya jengo tofauti hiyo ya ukubwa wa sauti huwa ndogo zaidi, lakini kinachoijaza kule nyuma ni mvumo, na mvumo si maneno. Ukifungulia spika kubwa ya mbele ili wa nyuma asikie, watoto wa mbele wanaziba masikio na wa nyuma anapata mvumo mwingi zaidi. Tena, ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu ya umeme ya amplifaya mara kumi hivi. Hiyo ni njia ya gharama, na haikufikishi.

Mpango wetu una hatua tano, na tunaomba zifuatwe kwa mpangilio huu.

Hatua ya kwanza ni jengo lenyewe. Tunapendekeza fremu za mbao zenye kina cha sentimita 10, zijazwe sufu ya mawe, ile inayotumika viwandani kuzuia joto na isiyoshika moto, kisha zifunikwe kitambaa kinachopitisha hewa. Zitundikwe sehemu ya ukuta wa nyuma na sehemu ya juu ya kuta za pembeni, jumla mita za mraba 40. Tukizifunga, mvumo wa watu 100 utashuka kutoka sekunde 2.4 hadi 1.9. Tukifungua madirisha yenye jumla ya mita za mraba 10, utafika 1.8 hivi. Bado si sekunde moja na nusu, lakini hatua zinazofuata zitamalizia. Tumeulizwa kuhusu trei za mayai. Hazifai, ndugu zetu. Hunyonya kidogo mno, na zikishika moto ni hatari. Magodoro ya sponji nayo huwaka, na hutoa moshi wa sumu.

Kuhusu mvua juu ya bati, hakuna spika itakayoishinda kwa heshima. Dari ndiyo dawa, na dari ina gharama yake. Tunapendekeza iwe kazi ya mwaka unaofuata, na fremu zifungwe sasa kwa namna ambayo dari haitazigusa.

Lipo na jambo lisilo na gharama: watu wakiwa wachache wakae mbele. Mchungaji amecheka tuliposema hivi, akasema amelihubiri miaka mingi. Tunamuunga mkono kwa hoja za fizikia.

Hatua ya pili ni maiki. Hapa fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Maiki ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni badala ya shubiri mbili, inapata sauti yako kwa nguvu mara nne, bila kuongeza hata wati moja. Ule mlio mkali unaotutoboa masikio hutokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye maiki, ikatoka tena kwenye spika, ikazunguka hivyo bila kikomo. Dawa yake ni maiki kuwa karibu na mdomo, spika kuwa mbele ya maiki na si nyuma yake, na maiki zisizotumika kuzimwa. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, tunapoteza desibeli 3 kabla ya mlio kuanza. Kwa hiyo hatutanunua maiki kumi. Kanisa litapata nne za waya zinazosikia upande wa mbele tu: ya mimbari, ya masomo na matangazo, na mbili za kwaya. Itaongezwa moja isiyo na waya kwa ajili ya mazishi. Msikiti utapata moja ndogo ya kubana kwenye kola ya imamu na moja ya mimbari.

Hatua ya tatu ni spika. Kwa kanisa tumechagua spika ndefu nyembamba, zenye spika ndogo kadhaa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Uzuri wake ni kwamba hutawanya sauti kwa upana na kuibana kwa kimo. Sauti inakwenda kwa watu, na ndogo tu hupanda kwenye bati. Mbili zitafungwa mbele, kushoto na kulia, zikielekezwa kwenye masikio ya watu. Mbili nyingine zitafungwa katikati ya jengo, mita 12 nyuma ya zile za kwanza, zikiwahudumia wa nyuma kwa sauti ya chini. Kwa njia hii mama wa benchi la mwisho ana spika iliyo karibu naye, na sauti ya moja kwa moja inaushinda mvumo.

Hapo fundi asiyejua hukosea. Sauti kwenye waya hufika mara moja, lakini ile ya hewani huchukua muda. Kwa mita 12 ni sehemu 35 za elfu za sekunde. Spika za katikati zisipocheleweshwa kwa muda huo na kidogo zaidi, wa nyuma atasikia neno mara mbili. Miksa za kisasa, hata za bei ya kawaida, nyingi zinaweza kuchelewesha. Tutaandika sharti hilo kwenye mkataba.

Kwa msikiti, tumependekeza spika nne ndogo za ndani, moja wapo upande wa akina mama yenye kitasa chake cha kupandisha na kushusha. Vipaza vya mnarani vitapata amplifaya yake peke yake. Vile vyenye umbo la tarumbeta vinafaa sana kwa adhana, kwa kuwa hurusha sauti mbali, lakini ndani havifai, havina uwazi wa maneno.

Hatua ya nne ni umeme na nyaya. Kwetu umeme hupanda na kushuka, na radi hupiga. Vyombo vyote vya sauti vitachukua umeme kwenye njia moja yenye kidhibiti cha volti na ardhi nzuri, na radi ikianza kunguruma, plagi ichomolewe. Nyaya za maiki hazitapita pamoja na za umeme, maana huleta ule mngurumo wa chini usiokwisha. Zote zitaingia ndani ya mabomba, kwa sababu panya wa kwetu mnawajua. Umeme ukikatika katikati ya mazishi, betri moja ya volti 12 yenye uwezo wa saa-ampea 100, ikitumika nusu tu ili idumu, inatosha kuendesha vyombo vya wati 150 kwa karibu saa nne. Ibada ndefu kuliko hiyo tunamwachia mchungaji.

Hatua ya tano ni watu. Chombo kizuri mikononi mwa asiyefundishwa ni hasara. Kila nyumba itateua watatu, na tunaomba angalau mmoja awe mwanamke, wafundishwe kuvifunga, kuviendesha na kuvitunza. Kila kitasa kitaandikwa jina lake kwa Kiswahili. Alama za kawaida zitapigwa kwa rangi, ili asubuhi ya Jumapili mtu aanze pale pale. Wakati wa ibada mmoja wao akae benchi la nyuma, si mbele penye vyombo.

Tutajuaje kwamba kazi imefanikiwa? Tumekataa kutegemea maneno ya "sasa panasikika". Tutafanya jaribio la maneno. Msomaji atasimama mbele na orodha ya maneno 50 yanayokaribiana, kama kata, pata, bata; taa, saa, kaa. Wanafunzi 20 wa darasa la saba watakaa nyuma na pembeni na kuandika wanachosikia. Tutahesabu waliopata. Jaribio litafanywa kabla ya kazi kuanza na baada ya kazi kwisha, kwa orodha tofauti. Matokeo yatabandikwa ubaoni kanisani na msikitini, na kusomwa katika mkutano wa mwakani. Fundi hatalipwa sehemu ya mwisho ya fedha kabla ya watoto kuandika. Hii ni fedha ya michango ya watu wanaouza vitumbua na kuendesha daladala, na kila shilingi yake ina jasho.

Jambo moja kuhusu majirani. Nchi yetu ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2015 zimeweka viwango vya kelele vya mchana na vya usiku. Bondeni kwetu sauti huvuka upande wa pili, pakiwamo zahanati na nyumba za wagonjwa. Nyumba zote mbili zimekubali kwamba spika za ndani zibaki za ndani. Shehe wetu amesema, na tunamshukuru, kwamba adhana ni wito, na wito hauhitaji kumkera anayeitwa.

Ndugu yetu mmoja aliye hapa ametuahidi spika mbili kubwa za muziki. Hatutaki ahadi hiyo ipotee, wala hatutaki zifungwe ndani zikatuharibia hesabu. Tumeongea naye, naye ameridhia: zitahifadhiwa na chama, zitumike uwanjani kwenye mazishi yenye umati, mahafali na mikutano ya hadhara. Nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti, na spika kama hizo ndipo mahali pake. Tumpigie makofi.

Sasa fedha. Katika kila shilingi kumi mtakazotoa leo, mbili zitakwenda kwenye fremu za ukutani, moja kwenye maiki, nne kwenye spika, amplifaya na miksa, mbili kwenye umeme, betri na nyaya, na moja kwenye mafunzo na akiba ya matengenezo. Tunaomba hiyo ya mwisho isiguswe kamwe. Vyombo vingi vya majumba yetu ya ibada vimekufa kwa kukosa waya wa bei ndogo. Mhazini atapokea bei kutoka kwa wauzaji watatu, na zote zitaonyeshwa kwenu kabla ya kununua.

Nyumbani hawakukaa tu wakingojea bahasha ya Dar es Salaam. Wametenga siku mbili za msaragambo. Vijana watachimba mtaro wa waya na shimo la ardhi, maseremala watatengeneza fremu bila malipo ya kazi, na akina mama wa kwaya na wa madrasa wamesema watashona vitambaa pamoja. Makande yatapikwa sufuria moja. Wamefanya sehemu yao, na imebaki yetu.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, mkutano uukubali mpango huu kwa mpangilio wake, tusirukie hatua ya tatu kwa kuwa spika ndizo zinazoonekana kwenye picha. Fremu za ukutani hazina fahari, na hakuna atakayepigwa picha akizikabidhi, lakini ndizo zitakazofanya spika ndogo zitoshe. Pili, kila mmoja ajaze kadi ya ahadi iliyo katikati ya kijitabu hiki, kwa kiasi alichojaliwa, na aandike tarehe. Ahadi isiyo na tarehe nayo ni mvumo. Tatu, mtakapokwenda nyumbani mwezi wa kumi na mbili, msikae mbele na wageni. Kaeni benchi la nyuma kabisa, karibu na akina bibi. Msikilize kwa masikio yao, kisha mtuambie ukweli.

Ndugu Mwenyekiti, wazazi wetu walijenga majengo yale kwa mawe waliyobeba kichwani. Walitaka watu wao wakutane na wasikilizane. Kuta wamekwisha kutuachia. Kilichobaki ni maneno yanayosemwa ndani yake yamfikie kila aliyeingia, tangu mtoto aliyeketi sakafuni hadi mzee aliyeegemea mlango.

Tunaomba kuwasilisha.